Funga Kitabu, Kisha Sema

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na somo hili, fanya jambo moja. Chukua kalamu na kipande cha karatasi. Kama huna kalamu, chukua kijiti uandike chini. Sasa andika mambo matatu uliyosoma katika gazeti letu lililopita. Usilitafute gazeti lenyewe. Usimwulize mtu. Andika yale tu yaliyomo kichwani mwako.

Umepata mangapi? Kama umepata yote matatu, hongera. Kama umepata moja, uko pamoja na wengi. Na kama hukupata hata moja, usione haya, wala usiseme, "Ah, kichwa changu kizito, mimi ni mtu mzima." Siku ile ulisoma vizuri na ulielewa. Pengine ulicheka. Lakini ulipomaliza ulilikunja gazeti ukaliweka juu ya kabati, au mtu akafungia sukari, na habari zikaenda na sukari.

Basi leo tujifunze namna ya kusoma ili jambo likae. Somo hili ni lako wewe uliyemaliza kisomo. Ni la mtoto wako aliye shuleni pia, maana taabu yenu ni moja na dawa yake ni moja.

Mama aliyesoma picha

Nitawaeleza habari ya mama mmoja wa hapa Nyakunguru. Jina lake sitalitaja, maana yuko hai na gazeti hili analisoma.

Mama huyu aliingia darasa la kisomo akiwa na mtoto mgongoni. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili mtoto akilia atoke. Baada ya miezi michache alikuwa wa kwanza darasani. Nikimwambia, "Mama, tusomee ukurasa wa tisa," anausoma bila kukwama. Nikamsifu mbele ya wenzake. Wakampigia makofi.

Siku moja nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nikaifunika picha kwa kiganja changu. Nikaweka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa, neno "ng'ombe." Nikamwuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Akanyamaza. Akarudi juu ya ukurasa, akaanza mstari wa kwanza, akashuka polepole kwa midomo mpaka akafika pale kwenye kidole. Hapo ndipo akasema, "Ng'ombe."

Mnaona? Mama alikuwa hasomi maneno. Alikuwa ameukariri ukurasa mzima kama wimbo, na picha ndiyo iliyomwonyesha aanze wimbo upi. Ukimkatiza katikati, anapotea. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu mimi mwalimu. Nilimsomesha kurasa zilezile kila siku kwa mfuatano uleule, na nikadhani ulaini wa ulimi ni kujua.

Tukabadilisha mtindo. Alikata boksi la sabuni vipande vidogo vidogo, akaandika neno moja juu ya kila kipande, akavitia vyote katika kikapu. Asubuhi, chungu kikiwa jikoni, anachomoa kipande kimoja bila kuchagua. Akilisoma neno, analiweka kando. Akishindwa, analirudisha kikapuni, litatoka tena. Hakuna picha, hakuna mfuatano, hakuna wimbo. Siku za kwanza alikasirika sana. Alisema mwalimu amemrudisha nyuma. Kweli alionekana kurudi nyuma, maana sasa alikwama mara nyingi. Lakini kukwama kule ndiko kulikokuwa kujifunza kwenyewe.

Maneno mawili yalimsumbua kuliko yote, nayo ni "kula" na "kura." Sisi tunaozungumza Kikurya nyumbani tunayajua mateso haya. Ulimi wetu unaelekea kwenye r, na sikio halitusaidii. Unasikia mtu anasema twende tukapige kura, wewe unawaza ugali. Hapo hakuna ujanja ila kuliona neno mara nyingi kwa macho na kuliandika mara nyingi kwa mkono. Mama aliandika "kula" juu ya mlango wa jiko kwa mkaa, na "kura" juu ya mlango wa nyumba kubwa. Sijui kama mumewe alifurahi.

Kusahau ni kawaida

Wengine husema kusahau ni ugonjwa wa wazee au wa watu ambao hawakwenda shule. Si hivyo. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Yeye alikuwa msomi mkubwa. Alijipima mwenyewe kwa miaka. Alijifundisha safu za silabi zisizo na maana yoyote, tuseme kama "zup" na "kef," mpaka azikariri, halafu akaangalia baada ya muda fulani ni kazi kiasi gani anahitaji kuzijifunza upya.

Alikuta kwamba baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja ilibaki theluthi moja hivi. Baada ya mwezi ilibaki sehemu moja ya tano hivi. Angalieni vizuri hapo. Kusahau kunakwenda mbio sana mwanzoni, siku ya kwanza hasa, kisha kunapunguza mwendo. Ni kweli kwamba mambo yenye maana hayasahauliki upesi kama silabi za bure. Lakini njia ni ileile. Anayengoja mwezi mzima ndipo akumbushie somo, anafika wakati mwizi ameshaondoka na mifugo.

Hata nchi nzima yaweza kusahau. Mkoa wetu wa Mara ulikuwa katika mikoa minne ya Ziwa ambako mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza mwaka 1968, pamoja na Mwanza, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Watu walisoma vitabu vya pamba, vya ufugaji, vya ndizi, vya uvuvi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 watu wazima kama 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walibaki 39 hivi. Mwaka 1986 walihesabiwa kuwa kama 10 tu. Dunia ilistaajabu. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta wasiojua kusoma na kuandika wamekuwa tena zaidi ya mmoja katika kila watu wazima watano. Sababu ni nyingi, na watoto waliokosa shule ni mojawapo. Lakini nyingine tunaijua wenyewe tulio vijijini. Mtu alipata cheti, akakitia sandukuni, na kusoma nako akakutia sandukuni.

Kusoma tena na kukumbuka ni mambo mawili

Sasa tufike kwenye kiini. Ukimwuliza mwanafunzi, "Unajiandaaje na mtihani?" atajibu, "Nasoma daftari langu tena na tena." Mzazi naye akimwona mtoto amelikodolea macho daftari saa mbili, anaridhika. Anasema mtoto anasoma.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwapa habari fupi mbili za kusoma. Habari moja kila mwanafunzi aliisoma mara mbili. Nyingine aliisoma mara moja, kisha akanyang'anywa karatasi, akaambiwa aandike kila anachokumbuka. Hawakusahihishwa hata kidogo.

Kundi moja liliulizwa baada ya dakika tano. Habari waliyoisoma mara mbili waliikumbuka sehemu 81 katika kila 100. Ile waliyoiandika kwa kichwa waliikumbuka 75. Ungesema kusoma mara mbili ndiyo njia bora, sivyo? Lakini kundi lililongoja wiki nzima kabla ya kuulizwa lilitoa jibu jingine. Katika habari waliyoisoma mara mbili walibaki na 42. Katika ile waliyoiandika kwa kichwa walibaki na 56.

Hii ndiyo siri ya udanganyifu wa daftari. Ukisoma tena, maneno yanateleza vizuri, na leo hii kweli unajua zaidi. Unalala ukiwa na furaha. Lakini mtihani hauji leo, wala mkopeshaji haji leo na karatasi yake. Vinakuja baada ya wiki na miezi.

Kwa hiyo sheria ni hii. Soma kipande kidogo. Funga kitabu. Sema au andika ulichosoma. Kisha fungua uangalie ulichosahau na ulichokosea. Hatua hii ya mwisho usiiruke, maana mtu anaweza kukariri kosa lake mpaka likawa kama kweli.

Daftari la kukunja

Yule mama ana mtoto wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita. Mtoto alikuwa anasoma kwa macho kama wenzake, na alama zake za hesabu zilikuwa mbaya. Nikamwonyesha namna ya kulikunja daftari. Ukurasa unaukunja katikati, kutoka juu mpaka chini. Upande wa kushoto unaandika swali. Upande wa kulia unaandika jibu. Ukiukunja, majibu yanajificha.

Jioni mtoto akamwendea mama yake.

"Mama, nishikie daftari uniulize."

"Nikuulize nini mimi? Hayo ya darasa la sita nayajulia wapi?"

"Si lazima uyajue. Maswali yako kushoto, majibu yako kulia. Wewe soma tu."

Mama akasogea kwenye taa. Akasoma polepole, kidole kikitangulia. "E-ne-o la ms-ta-ti-li... hupatikanaje?"

"Urefu mara upana."

"Hekta moja ni meta za mraba ngapi?"

"Elfu kumi."

"Ekari moja?"

Mtoto akanyamaza. "Elfu nne na... Elfu nne na... Mama, nionyeshe kidogo tu."

"Sikuonyeshi, mura. Tafuta."

Alitafuta mpaka akaipata: elfu nne na arobaini na saba. Mama yake alifanya vema kutomwonyesha upesi. Kile kitambo cha kuhangaika, unapohisi jibu liko karibu lakini halitoki, ndicho kinacholikaza. Ngoja mtu ahesabu moja mpaka ishirini moyoni. Akishindwa kabisa, mwonyeshe, halafu swali hilo lirudi tena kabla hamjalala.

Wazazi wengi wanasema, "Mimi elimu yangu ndogo, siwezi kumsaidia mtoto." Umeona kwamba waweza. Huhitaji kujua usanisinuru. Unahitaji kujua kusoma swali na kuangalia kama jibu linafanana na lililoandikwa. Kazi hiyo umeifuzu. Tena unaposoma polepole, mtoto anapata nafasi ya kufikiri.

Palilia kwa zamu

Je, maswali hayo yaulizwe lini? Wengine watauliza jioni moja mpaka usiku wa manane, kisha wasiyaguse tena mpaka mtihani. Vijana wanaita kusoma kwa zimamoto. Moto ukishawaka ndipo wanakimbilia ndoo.

Mkulima anajua kwamba palizi ya kwanza na ya pili hazifanywi siku moja. Ukipalilia asubuhi, ukarudi kupalilia shamba lilelile mchana, umechosha mgongo bure, maana magugu hayajaota. Unangoja yachipue kidogo, ndipo unayakata. Kusahau nako ni magugu. Liache somo lianze kusahaulika kidogo, ndipo ulirudie, kabla halijafunikwa kabisa.

Mimi huwashauri watu hivi. Somo la leo liulize leo jioni. Liulize tena keshokutwa. Kisha liulize siku ya mnada unaofuata, ambayo haisahauliki maana kila mtu anakwenda. Kisha mwezi ukiandama. Dakika kumi na tano kila mara zinatosha. Zikigawanywa siku nne, ni saa nzima, na saa hiyo ina faida kuliko saa tatu za usiku mmoja. Siku hizo hazikutoka mbinguni. Ukiona somo limekaa vizuri, refusha nafasi. Ukiona limepotea, fupisha.

Na kalamu si lazima. Kijana anayechunga ng'ombe ana saa nyingi za kusoma kuliko anavyofikiri. Kabla ya kutoka nyumbani achague maswali matano. Huko machungani ajiulize, ajibu kwa sauti, aandike mchangani kwa fimbo. Ng'ombe hawatamcheka. Jioni aangalie daftari.

Mweleze bibi kwa Kikurya

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu taabu hii ni yetu hasa. Watoto wetu wengi wanakikuta Kiswahili shuleni kama lugha ya pili, na baadaye sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu. Basi mtoto anajifunza neno akidhani amejifunza jambo.

Nilimwuliza mwanafunzi mmoja, "Usanisinuru ni nini?" Akajibu haraka haraka, bila kupumua, sentensi nzima ya kitabu. Nikamwambia, "Vizuri. Sasa nenda ukamweleze bibi yako kwa Kikurya." Akanitazama. Akasema, "Mwalimu, Kikurya hakina neno hilo."

Ndiyo maana nikamtuma! Kama huna neno la kujificha nyuma yake, itakubidi useme jambo lenyewe. Alikwenda, akakwama, akarudi kusoma, akaenda tena. Mwishoni alimweleza bibi kwamba jani la mhindi ni jiko. Kuni zake ni mwanga wa jua. Kinachopikwa ni maji yaliyopandishwa na mizizi na hewa ya ukaa inayoingia kwenye vitundu vidogo vya jani. Chakula kinachopatikana ni sukari, na mmea unakula sukari hiyo na nyingine unaiweka akiba katika punje. Bibi akauliza, "Ndiyo maana mahindi yaliyo chini ya mwembe hayazai?" Mtoto hakuwa amefikiria hilo. Kitabu hakikusema. Lakini ndiyo, kivuli kimewanyima mwanga, na mwembe wenyewe unagombania maji.

Swali la bibi lilimfundisha kuliko kurasa tatu. Kwa hiyo msiwakataze watoto kueleza masomo kwa lugha ya nyumbani. Kisha, akishalielewa, alirudie kwa Kiswahili na aliandike kwa Kiswahili, kwa sababu mtihani utataka hivyo.

Taa ni ya nani?

Jambo la usingizi nitalipitia upesi. Kichwa hukaza mambo ya mchana wakati mtu amelala. Anayekesha kabla ya mtihani anauza ng'ombe ili anunue kamba.

Lakini kuna jambo jingine linalofanana na hilo, nami nitalisema wazi hata kama akina baba wenzangu watanuna. Katika nyumba nyingi mvulana akirudi machungani amemaliza kazi. Ananawa, anakaa na daftari. Binti akirudi shuleni anateka maji, anachuma mboga, anasonga ugali, anaosha vyombo. Anapewa taa saa nne usiku, macho yameshafumba. Halafu matokeo yakitoka tunasema wasichana hawana vichwa. Kichwa anacho, alichokosa ni saa moja ya jioni. Kaka yake ana mikono, na ndoo ya maji haichagui kichwa. Mpeni binti nusu saa kabla giza halijaingia, angalau siku nne za wiki, na mtu wa kumshikia daftari.

Karatasi ya shamba

Sasa nirudi kwa yule mama, maana habari yake sikuimaliza.

Huku kwetu karatasi za ardhi tumezizoea. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002, na tangu hapo maneno kama tathmini na fidia yamekuwa maneno ya kila siku Nyamongo na vijiji vya jirani. Hata pasipo mgodi, barabara huja, nguzo za umeme huja, mtoto hugawiwa shamba na baba yake. Kila mara kuna karatasi, na chini ya karatasi kuna mahali pa kutia sahihi au dole gumba.

Watu walikuja kupima shamba la mama huyu. Sitasema walikuwa akina nani. Karatasi iliandikwa ekari 1. Akaambiwa atie sahihi. Jirani zake wawili, ambao walikaa naye dawati moja kwenye kisomo, walikuwa wameshatia zao.

Mama akasema, "Ngoja kwanza nisome." Akasoma, kidole kikitangulia, watu wamesimama juani. Alipofika kwenye ekari 1, akasita. Shamba lake analijua. Alikuwa amelipima na mwanawe kwa kamba ya meta 10, ambayo waliipimia kwa utepe wa fundi seremala. Urefu kamba 9, upana kamba 6. Yaani meta 90 kwa meta 60.

Urefu mara upana. 90 mara 60 ni 5,400. Ekari moja ni meta za mraba ngapi? Mama hakuwahi kukaa darasa la sita. Lakini swali hilo alikuwa amemwuliza mwanawe jioni ile ya kwanza, na keshokutwa yake, na siku ya mnada, na mwezi ulipoandama. Alipokuwa akimngoja mtoto atafute jibu, yeye naye alikuwa analitafuta. 4,047. Shamba lake lilikuwa ekari moja na theluthi moja hivi.

Hakugombana. Alisema tu, "Naomba kamba ipitishwe tena, nami niwepo." Ikapitishwa tena. Ile 1 ikakatwa kwa wino, ikaandikwa hesabu mpya, na pande zote mbili zikatia sahihi pembeni. Wale jirani wawili walirudi kuuliza habari za mashamba yao. Mmoja alikuwa hana nakala ya karatasi yake. Mpaka ninapoandika hapa, jambo lake halijaisha.

Hapa niongeze jambo, kwa kuwa wengi wanalikosea. Watu wetu husema ekari ni hatua 70 kwa hatua 70. Hiyo ni sawa kwa makisio, maana hatua ya mtu mzima ni pungufu kidogo ya meta moja. Lakini ni hatua, si meta. Meta 70 kwa meta 70 ni meta za mraba 4,900, zaidi ya ekari moja kwa 853. Anayekupimia meta 70 kwa 70 akaandika ekari moja amekupunja. Lipime shamba lako kabla mtu mwingine hajaja kulipima, uandike kwenye daftari, upande wa kulia.

Kazi ya kufanya

Sasa mpe mtu mwingine gazeti hili alishike. Kama ni mtoto, vizuri zaidi. Akuulize maswali haya, nawe ujibu bila kuangalia.

1. Kwa nini yule mama hakuweza kulisoma neno "ng'ombe" alipoonyeshwa peke yake?

2. Kwa wanafunzi wa Marekani, habari iliyosomwa mara mbili ilishinda baada ya dakika tano. Je, baada ya wiki ilikuwaje, na kwa nini?

3. Shamba lina urefu wa meta 110 na upana wa meta 75. Ni meta za mraba ngapi? Je, linafika ekari mbili?

4. Eleza kwa Kikurya, au kwa lugha yenu ya nyumbani, kwa nini mahindi ya chini ya mwembe hayazai vizuri.

Jibu la swali la tatu ni 8,250. Ekari mbili ni 8,094, kwa hiyo linafika na kuzidi kidogo. Kama umelikosa, rudi kwenye shamba la yule mama ulifuate tena hatua kwa hatua. Kisha yaandike maswali yote manne upande wa kushoto wa daftari lako, majibu upande wa kulia, ulikunje, na keshokutwa mwombe mtu akuulize tena.